Vitabu vya Meza Kuu

Hii si habari ya nchi yenu. Tuelewane hapo mapema, maana wapo wasomaji wanaosoma huku wakitikisa kichwa na kunong'ona, "Huyu anamsema fulani." Simsemi mtu. Nasimulia mambo ya Jamhuri ya Tulieni, nchi iliyo mbali sana: ukitoka kwenu unaipita nchi ya kwanza, unaipita ya pili, kisha unageuka unarudi.

Jamhuri ya Tulieni haina dhahabu, haina mafuta, na samaki wake walihama zamani. Ina itifaki. Huko mtu hasemi neno mbele za watu kabla ya kuwataja wakubwa wote waliopo, kwa vyeo vyao, kuanzia juu kushuka chini, na akimruka mmoja anaanza upya. Nyumba ya Diwani wa Mto Mkavu iliteketea yote kwa sababu mtu aliyeuona moto kwanza alikuwa na adabu zake. Alianza kwa kuwatambua waliohudhuria, na alipofika kwa Katibu Tarafa paa lilikuwa limeshaanguka. Diwani mwenyewe alimpongeza, kwa kuwa alikuwa ametajwa wa tatu.

Katika nchi hiyo palikuwa na Shule ya Sekondari Ushindi wa Tano. Ushindi huo ulikuwa wa nini, hakuna aliyekumbuka. Shuleni hapo palikuwa na maktaba, na katika maktaba hiyo, kwa miaka ishirini na sita, alikuwamo Bi Mwantumu Chuma.

Bi Mwantumu alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa mguu mmoja kwa uzi. Mume wake alikuwa amefariki na mtoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni kabati. Lilikuwa kabati la mninga lenye droo thelathini na sita, na kila droo imejaa kadi zilizopangwa kwa alfabeti. Kila kitabu alikiandikia kadi tatu: ya jina la mwandishi, ya jina la kitabu, na ya mada yake. Pembeni mwa kadi aliandika namba, na namba hiyo hiyo ilibandikwa mgongoni mwa kitabu. Mtoto akija anataka habari za nzige, anavuta droo ya N, anasoma namba, anakwenda rafuni, anawakuta nzige wake wanamsubiri. Kazi kwisha.

Ila utamu wa kabati lile ulikuwa kwenye wino mwekundu. Chini ya kila kadi ya mada Bi Mwantumu aliandika maneno mawili, "Angalia pia", kisha akaonesha njia. Nzige: angalia pia Njaa. Njaa: angalia pia Maghala. Maghala: angalia pia Wizi. Mtoto aliingia kutafuta mdudu, akatoka baada ya saa mbili na maswali yaliyomfanya mwalimu wa uraia aombe ruhusa ya kwenda zahanati. Hakuna chuo kilichomfundisha Bi Mwantumu njia hizo. Alivisoma vitabu vyote elfu sita na mia nne yeye mwenyewe, kwa sababu aliona ni aibu kumtuma mtoto mahali ambapo yeye hajafika.

Miaka ishirini kabla ya mambo haya, mvulana wa Kidato cha Pili B aitwaye Zakaria Mtengeti alijificha nyuma ya kabati hilo, akikwepa zamu ya kulima mahindi ya mkuu wa shule wa wakati huo. Bi Mwantumu alimwona miguu.

"Humu ndani mtu anasoma," alimwambia. "Kama husomi, jembe lipo palepale ulipoliacha."

Zakaria akasoma. Alianza kusoma kwa kuogopa jembe, akaendelea kwa uroho. Alifuata wino mwekundu droo kwa droo, na kila Jumamosi Bi Mwantumu alimletea vitumbua vinne katika kibakuli chenye kifuniko. Akaanza kumwita Mama, naye hakumkataza. Akafaulu, akaenda chuo kikuu, akapata shahada juu ya shahada na suti juu ya suti, mpaka siku redio iliposema ameteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Taifa ya Vitabu. Siku hiyo Bi Mwantumu alipika pilau la kulisha walimu wote.

"Mwanangu yuko juu," aliwaambia, macho yamemlowa. "Sasa maktaba za nchi hii zimepata mwenyewe."

Balaa lenyewe lilianzishwa na mbuzi.

Waziri wa Maji na Mambo Yanayofanana, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Gwandumi, alifika Ushindi wa Tano kufungua bomba. Alilifungua. Maji hayakutoka, lakini makofi yalitoka, na hafla ikaendelea vizuri. Baada ya soda Mheshimiwa akasema angependa kuona kama vijana wanakisoma kitabu alichokiandika, *Mimi na Maji Yangu*, chenye picha sabini za yeye akifungua mabomba. Mkuu wa Shule, Mwalimu Kibwana Pazi, mtu aliyekuwa akitokwa jasho hata akisikia neno "mgeni", akamkimbiza maktabani.

Bi Mwantumu akavuta droo ya M, akatazama kadi, akanyoosha mkono rafuni. Alitumia sekunde tisa. Kitabu cha Mheshimiwa kilikuwapo, kisafi hakina hata alama ya kidole, na ubavuni pake, vimebanana bega kwa bega, kilikaa kitabu kikuukuu kiitwacho *Minyoo ya Mbuzi na Tiba Yake*.

Mlinzi mmoja wa Waziri alivua miwani.

"Mwalimu Mkuu," alisema Waziri taratibu, "mimi nimekaa jukwaani na marais sita. Sijawahi kukalishwa na minyoo."

"Mheshimiwa," alijibu Mwalimu Pazi, goti moja limeshagusa sakafu, "huyo mbuzi tutamchukulia hatua."

Bi Mwantumu alidhani ni jambo la kueleweshana tu. "Ni namba, Mheshimiwa. Maji, kilimo na mifugo ni ukoo mmoja, wanakaa rafu moja. Tena umepata jirani mzuri. Hicho cha minyoo kimeazimwa mara mia moja na arobaini."

"Na changu?"

Bi Mwantumu alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtumishi wa umma wa Tulieni: hakujua kusema uongo. "Chako bado kinasubiri, Mheshimiwa."

Wiki tatu baadaye ukaja Waraka Namba Tisa wa Kurejesha Heshima Rafuni. Naunukuu kama ulivyo, maana ni waraka mzuri sana na sitaki kuuharibu. "Imebainika kwamba vitabu nchini vimekuwa vikikaa ovyo, kwa kufuata herufi na namba, pasipo kujali nani ni nani. Hali hii imewafanya vijana wadhani kwamba kitabu kinapaswa kutafutwa kwa sababu ya kilichomo. Kuanzia sasa vitabu vyote vitakalishwa kwa itifaki, kama wageni waalikwa katika sherehe ya taifa."

Vikakalishwa. Rafu ya juu ikawa Meza Kuu, ikatandikwa kitambaa cha satini chenye rangi za bendera, ikawekewa maua ya plastiki na chupa mbili za maji ya kunywa. Hapo viliketi vitabu vya Rais, ambavyo ni vitatu: juzuu mbili za hotuba zake, na ya tatu ni hotuba zilezile kwa herufi kubwa. Kushoto na kulia viliketi vya mawaziri, *Mimi na Maji Yangu* kikiwamo, na nyuma yao vile ambavyo waziri aliviandikia dibaji. Vilivyotoka nje ya nchi viliwekwa pembeni, vikaitwa Mabalozi. Vya waandishi waliokwisha kufa vilipangwa ukutani, na anayechukua kimoja alitakiwa kusimama kimya dakika nzima kwanza. Vilivyobaki, yaani hisabati, kemia, kamusi na mbuzi, vilikuwa Wananchi. Wananchi walisimama nyuma, sakafuni, chini ya madirisha yasiyo na vioo.

Mwanafunzi naye alipewa utaratibu. Chausiku wa Kidato cha Nne, binti aliyetaka kuwa mfamasia na aliyekuwa na mtihani wa vitendo wa kemia baada ya wiki saba, alitakiwa asimame mbele ya rafu akaze sauti: "Mheshimiwa Hotuba Juzuu ya Kwanza, Mheshimiwa Hotuba Juzuu ya Pili, Mheshimiwa Hotuba kwa Herufi Kubwa, Waheshimiwa mawaziri wote mliopo, Waheshimiwa dibaji, Mabalozi wetu, marehemu wetu wapendwa, itifaki imezingatiwa, naomba kitabu cha majaribio ya kemia." Akimaliza, kengele inalia.

Juu ya hayo kulikuwa na redio. Rais wa Tulieni alipenda kubadilisha mawaziri, na habari ilitangazwa saa saba mchana. Aliyetenguliwa, dibaji zake zilitakiwa kushuka rafu mchana huohuo, na aliyeteuliwa kupanda. Kitabu kimoja cha jiografia ya mito kilipanda na kushuka mara nne kwa mwezi mmoja, mpaka jalada lake likaachia gundi.

Katika shule nyingine za nchi, hapo ndipo maktaba zilipofia. Vitabu vilikuwapo, vimekaa kwa heshima zote, na hakuna aliyeweza kukipata hata kimoja. Ushindi wa Tano haikufa, kwa sababu ya kabati. Bi Mwantumu alikuwa na mazoea yake: cha kudumu alikiandika kwa wino, cha kupita alikiandika kwa penseli. Namba za vitabu zilikuwa kwa wino. Vyeo akaviandika kwa penseli, na kila siku saa saba na nusu, taarifa ya habari ikiisha, alitoka na ufutio. Chausiku alikuwa akivuta droo ya K, anasoma yaliyoandikwa kwa penseli, "Sakafuni, dirisha la pili, kushoto," anachomoa kitabu chake kimyakimya huku kiranja aliyemtangulia mbele ya rafu akiwa bado anawatambua Mabalozi. Waraka haukusema lolote kuhusu kabati. Kwa hiyo maktaba nzima ilikuwa imesimama juu ya droo thelathini na sita, na Bi Mwantumu alijua kwamba zikiondoka hizo, kitakachobaki ni vitabu elfu sita vilivyovaa vyeo.

Aliogopa. Ndipo akamwandikia Zakaria.

Ni kweli waraka ulitoka katika Idara ya Zakaria, lakini Bi Mwantumu aliutazama mwisho wake mara nyingi na kila mara akapata faraja. Sahihi ilikuwa ya mtu mwingine, na mbele yake yameandikwa yale maneno madogo ya ofisini, "Kny: Mkurugenzi Mkuu". Kwa niaba. Maana yake hakuusoma, alijiambia. Wamempitishia wajanja wakati yuko safarini. Mwanangu akijua, atauchana.

Jibu lilikuja upesi, kwa mkono wake mwenyewe na kwa wino wa kijani, ambao huko Tulieni ni wa wakubwa peke yao. "Mama, niachie mimi. Nakuja."

Alikuja na magari saba. Kumshusha garini kwa itifaki kulichukua nusu saa, kisha akawafukuza wote nje, Mwalimu Pazi akiwa wa mwisho kuondoka, kinyumenyume. Wakabaki wawili. Bi Mwantumu akafunua kibakuli. Zakaria akacheka, akala kitumbua cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne, akajifuta vidole kwa kitambaa chenye nembo ya taifa.

"Mama, hujabadilika hata kidogo."

"Wewe umenenepa. Zaka, mwanangu, ule waraka..."

"Ule ni upepo tu, Mama, utapita. Nioneshe kabati. Nimelikumbuka mno."

Hapo Bi Mwantumu alisahau malalamiko yote aliyoyapanga. Miaka ishirini na sita alikuwa amesubiri mkubwa mmoja aingie mlangoni na kusema maneno hayo. Alimpeleka kwenye kabati, akapangusa juu kwa khanga, akasimama pembeni.

"Chagua neno lolote. Kama zamani."

Zakaria alitazama mlango kwanza. "Ardhi," alisema.

Droo ya A ikatoka. "Ardhi: angalia pia Mikataba. Twende M. Mikataba: angalia pia Waliohamishwa. Waliohamishwa hawa hapa, vitabu tisa, na kimoja kina ramani."

Zakaria alikuwa ametoa kijitabu mfukoni, anaandika. "Na Uchaguzi?"

"Uchaguzi: angalia pia Hesabu." Bi Mwantumu aliipenda sana kadi hiyo, akaisoma kwa madaha. "Hesabu: angalia pia Miujiza."

"Polisi?" aliuliza Zakaria, haraka haraka. "Magereza? Misaada? Mama, taratibu kidogo, niandike namba zote."

"Mbona unachagua maneno mazito, baba? Zamani ulianza na nyota."

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama." Alifunga kijitabu, akamshika mabega. "Nakuahidi kitu kimoja. Mfumo wako huu utatumika nchi nzima."

Bi Mwantumu alilia pale pale, miwani usoni, na hakuona haya. Alikuwa na furaha ambayo hakukumbuka kuwa nayo hata siku ya harusi yake.

Jumatatu ya wiki iliyofuata likaja lori. Lilishusha vijana wanne wenye fulana zilizoandikwa Kikosi cha Usafi wa Mawazo, na afisa mmoja mpole sana, Bwana Lukindo, aliyesalimia kwa kutoa shikamoo mara mbili. Mkononi alikuwa na orodha. Vijana hawakupekua wala hawakuuliza. Walikwenda rafuni wakiita namba, "Ardhi tisa, Mikataba kumi na mmoja, Miujiza mitatu," na kwa muda wa dakika arobaini wakawa wamejaza masanduku vitabu mia mbili na kumi na vinne.

"Mama, nakushukuru kutoka moyoni," alisema Bwana Lukindo. "Kule shule nyingine tunapekua wiki nzima tunatoka na kitabu cha mapishi. Vitabu vibaya vina tabia ya kujificha ndani ya majina mazuri. Lakini hapa! Mtu ameonesha mpaka ndugu zao."

Akamwonesha orodha, kwa nia njema kabisa, akidhani anamfurahisha. Zilikuwa njia zake. Kila "angalia pia" aliyomsomea Zakaria, kazi ya usiku na mchana kwa miaka ishirini na sita, ilikuwapo, kwa mpangilio wake, mpaka kosa moja la namba alilokuwa hajawahi kulirekebisha. Mwishoni palikuwa na sahihi ya wino wa kijani, haina "Kny" yoyote mbele yake. Chini ya sahihi, mahali pa kujaza chanzo cha taarifa, palijazwa: "Kabati la Mama."

Bi Mwantumu alishika ukingo wa meza. Angeibiwa, angepiga yowe. Angevunjiwa mlango, angejua wa kumlaani. Lakini hapakuvunjwa kitu. Alivuta droo kwa mkono wake, akasoma kwa sauti, akangoja Zakaria amalize kuandika, baada ya kumlisha vitumbua.

"Na kabati nalo tunalichukua," aliongeza Bwana Lukindo. "Ni mali ya taifa sasa. Hongera sana."

Ndipo sauti ya Bi Mwantumu ilipotoka. "Kitabu kikitoka maktabani, kadi ya waazimaji inabaki kwa mkutubi. Ndiyo kanuni."

Kila kitabu chake kilikuwa na kimfuko ndani ya jalada, na ndani ya kimfuko kadi yenye majina ya wote waliowahi kukiazima, tangu siku ya kwanza. Bwana Lukindo alikuwa Mtulieni halisi. Aliposikia neno "kanuni", alisimama wima, akaamuru kadi zote mia mbili na kumi na nne zichomolewe, zikabidhiwe, zitiwe sahihi. Kisha lori likaondoka na kabati limelazwa chali juu ya masanduku, droo zake zimefungwa kwa kamba ya katani.

Chausiku alikitafuta kitabu chake cha kemia mchana baada ya mchana, akiwatambua Waheshimiwa mpaka sauti ikamkauka. Bi Mwantumu alimtafutia naye kwa kumbukumbu ya kichwa, lakini vyeo vilibadilika mno wiki zile. Kilipatikana siku mbili baada ya mtihani. Mwandishi wake alikuwa ameteuliwa Mkuu wa Wilaya, na kitabu kimepandishwa safu ya tatu kutoka mbele, ambako hakuna mtu mwenye akili timamu angekwenda kutafuta kemia.

Waziri Gwandumi, aliyekuwa bado anawakumbuka wale minyoo, hakutosheka na vitabu vilivyochukuliwa. Akaunda Tume ya Wasomaji, ili kila aliyewahi kuvisoma ajulikane, awe mkubwa au mdogo. Siku tatu baada ya tangazo, saa kumi jioni, mtu mwenye kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi aliingia maktabani kwa miguu, peke yake. Bi Mwantumu alimtambua kwa mwendo.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Zakaria akavua kofia. Alikuwa amekonda ghafla.

"Mama, zile kadi za waazimaji. Tume inakuja kesho. Sitaki zote. Nataka zile zenye jina langu tu."

"Ni mia moja sabini na moja," alisema Bi Mwantumu. "Hakuna mtoto aliyevisoma vitabu vile kama wewe. Kingine ulikiazima mara nne."

"Nipe, Mama. Nakuomba. Wataniulia kazi, na si kazi tu."

"Na za wenzako? Kuna watoto mle, Zaka. Wengine wako darasani hivi sasa."

Zakaria aliinamisha kichwa. Bi Mwantumu alimtazama kwa muda mrefu, akimtafuta yule mwenye miguu iliyotokeza nyuma ya kabati, na kwa bahati mbaya alimwona.

"Hazipo," alisema. "Nilizichoma siku ileile ya lori. Nilizipeleka jikoni nikazitia chini ya sufuria la uji wa shule. Zote."

"Hata zangu? Baada ya... baada ya yale?"

"Zako ndizo nilizoanza nazo. Nilisoma kila moja kwanza. Zimeandikwa 'Zakaria Mtengeti, Kidato cha Pili B', kwa mwandiko wako ule wa kulala. Ningewapaje watu mtoto wa Kidato cha Pili?"

Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Taifa ya Vitabu alipiga magoti sakafuni, katikati ya Wananchi, akaweka kichwa mapajani mwa Bi Mwantumu, akalia kwa sauti. "Sitasahau, Mama," alisema. "Mpaka naingia kaburini sitasahau." Naye Bi Mwantumu, ambaye hakutaka, alijikuta mkono wake umeshuka kichwani kwake.

Na kweli hakusahau. Alikumbuka kila neno, hata sufuria la uji. Barua ilifika siku ya tisa: "Umeachishwa kazi kwa kosa la kuteketeza nyaraka za serikali, kama ulivyokiri kwa kinywa chako mbele ya Mkurugenzi Mkuu." Tume ilikuwa imeanza kuuliza kadi zimekwenda wapi, na katika mambo kama hayo anayesema wa kwanza ndiye shahidi, anayefuata ndiye mshtakiwa. Naambiwa Zakaria alipongezwa kwa wepesi wa kugundua. Sahihi ilikuwa ya kijani. Bi Mwantumu alitafuta "Kny" mbele yake, akageuza karatasi akatafuta hata nyuma, akavua miwani akaifuta, akatafuta tena. Haikuwapo.

Makabidhiano yalifanyika Ijumaa, kwa itifaki. Mwalimu Pazi alihutubia dakika hamsini, na katika hizo, arobaini na sita zilikuwa za kuwatambua wasiokuwapo. "Shule inampoteza mtumishi ambaye shule haimfahamu," alihitimisha, akajifuta jasho. Bi Mwantumu akatoa funguo. Kisha akafungua pochi, akatoa kadi moja tupu, ya mwisho iliyobaki mikononi mwake, akaketi, akaandika mbele ya macho yao. Juu aliandika kwa wino mweusi: "USALITI. Angalia: Mtengeti, Zakaria." Alitaka kuishia hapo. Lakini alikuwa mkutubi, na kadi inayoonesha njia nusu hakuwahi kuikubali. Akachukua wino mwekundu, akaongeza chini: "Angalia pia: Chuma, Mwantumu, aliyemwonesha droo."

Akaisimamisha Meza Kuu, kati ya hotuba kwa herufi kubwa na maua ya plastiki, akatoka nje bila kuaga.

Mwalimu Pazi aliisoma, akafa ganzi mpaka kwenye kope. Kuigusa hakuweza. Waraka Namba Tisa, ibara ya kumi na mbili, unasema wazi kwamba kilichoketi Meza Kuu hakiondolewi ila kwa barua ya Mkurugenzi Mkuu, itakayotaja jina kamili la kinachoondolewa na sababu ya kukiondoa. Akaandika Idarani kuomba barua hiyo. Idara ikajibu kuuliza: jina kamili ni lipi? Mwalimu Pazi akalinakili kama lilivyo, herufi kwa herufi, akatuma. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikapelekwa mezani kwa Mkurugenzi Mkuu, na ipo hapo mpaka leo.

Kadi nayo ipo. Na kwa kuwa kilichoketi Meza Kuu lazima kitambuliwe, kila asubuhi watoto wa Ushindi wa Tano husimama mbele ya rafu na kukaza sauti: "Mheshimiwa Hotuba Juzuu ya Kwanza, Mheshimiwa Hotuba Juzuu ya Pili, Mheshimiwa Hotuba kwa Herufi Kubwa, Mheshimiwa Usaliti..." Wageni wakubwa wakipita huinamisha vichwa kwa adabu.

Bi Mwantumu anakaa nyuma ya uwanja wa shule, na madirisha ya maktaba, kama nilivyosema, hayana vioo. Sauti inamfikia. Majirani humwuliza kwa nini hacheki. Yeye huendelea na kazi zake. Jumamosi hupika vitumbua, hula viwili vitatu, huwagawia watoto wa jirani, na kila Jumamosi vinabaki vinne kwenye kibakuli chenye kifuniko.